Mama Waliosahauliwa: Vinasaba na Historia ya Watu wa Beni na Butembo



Katika milima ya Beni na Lubero, kijana anayefika ugenini huulizwa kwanza: "U mtoto wa nani?" Ni swali la adabu. Anayeulizwa hutaja baba yake, babu yake, ukoo na kilima cha wazee wake, naye mwenyeji hutafuta mahali ambapo koo zao mbili zimewahi kukutana. Aghalabu hupapata, na mgeni hupewa kiti na chakula kama ndugu.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuandama vijiji na mitaa ya Beni, swali hilohilo limepata sauti nyingine. Watu waliozika jamaa zao wana haki ya kuuliza ni nani aliyewaua. Lakini hofu haina subira ya kumtafuta muuaji. Hutafuta uso, lafudhi, jina lisilozoeleka. Ndipo maneno "mwenyeji" na "mgeni" yanapogeuka kuwa hukumu. Na katika mabishano ya namna hiyo hutokea mtu akasema: damu haidanganyi, na ipimwe damu, ijulikane nani ni wa nchi hii na nani si wa nchi hii.

Hoja hiyo yastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu damu imekwisha kupimwa, na miongoni mwa waliopimwa wamo watu wa nchi yetu. Tutazame basi damu hiyo ilisema nini, na wapi ilinyamaza.

Yale wazee waliyotusimulia

Wayira, ambao vitabu vingi huwaita Wanande, husimulia kwamba wazee wao walitoka mashariki, pande za ufalme wa Kitara, wakavuka mto Semliki na kupanda milima ya Mitumba. Majina ya Bashu, Baswaga, Batangi na Bamate yanabeba kumbukumbu ya safari hizo. Ng'ambo ya mto, katika miteremko ya Ruwenzori upande wa Uganda, wanaishi Wakonzo, ambao lugha na desturi zao ni ndugu wa karibu wa zetu. Mpaka unaotutenganisha nao ulikubaliwa na Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani mjini Bruxelles mwaka 1910. Hakuna Myira wala Mkonzo aliyeulizwa.

Je, wazee hao waliikuta nchi tupu? Simulizi zenyewe hazisemi hivyo. Msituni walikuwapo Wambuti, na milimani zilikuwapo familia zilizotangulia. Mwanahistoria Randall Packard, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya ukuu wa Bashu, alionyesha jinsi mamlaka ya machifu yalivyojengwa kwa ushindani na maafikiano ya muda mrefu kati ya familia mbalimbali, hasa kuhusu nani anayeweza kuiletea nchi mvua na rutuba. Ukoo mmoja unaotajwa leo kwa jina moja ulifumwa kwa nyuzi nyingi.

Kuna ushahidi wa kale zaidi. Mwaka 1950, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimba huko Ishango, mahali ambapo Semliki hutoka katika Ziwa Edward, akapata mfupa mdogo wenye mistari iliyochanjwa kwa mpangilio, kana kwamba mtu alikuwa akihesabu. Mfupa huo, unaohifadhiwa hadi leo Bruxelles, una umri wa yapata miaka 20,000. Lugha za Kibantu zilifika katika eneo la Maziwa Makuu yapata miaka 2,500 iliyopita. Yule aliyechanja mfupa wa Ishango, basi, hakusema Kinande, wala Kiswahili, wala lugha yoyote tunayoweza kuitaja kwa jina. Alivua samaki katika maji yetu kabla ya kuwapo kabila lolote linaloitwa leo kwa jina lake.

Namna vinasaba vinavyosomwa

Elimu ya urithi ilianza katika bustani ya watawa. Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, alipanda njegere kwa miaka mingi, akazihesabu, na mwaka 1866 akachapisha kanuni zinazoonyesha jinsi sifa za wazazi zinavyowafikia watoto. Leo tunajua kwamba urithi huo umeandikwa ndani ya kila chembe ya mwili kwa mfuatano wa herufi nne tu, zinazorudiwa yapata mara bilioni tatu. Kila kizazi hunakili maandishi hayo, na kama ilivyo kwa mwandishi yeyote anayenakili kwa mkono, makosa machache huingia. Kosa lililoingia kwa babu hurithiwa na wajukuu. Wawili wakikutwa na kosa lilelile mahali palepale, yumkini walilipata kwa mzee mmoja.

Njia hii si ngeni kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilipotangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, ilikuwa imepita wiki moja tu tangu mlipuko mwingine utangazwe kumalizika katika jimbo la Équateur. Wengi walidhani ugonjwa umesafiri kutoka magharibi. Wanasayansi walisoma herufi za kirusi cha Mangina, wakazilinganisha na zile za Équateur, wakakuta makosa ya kunakili hayalingani: milipuko miwili haikuwa na uhusiano. Hesabu hiyohiyo, ikifanywa kwa binadamu, hutupeleka nyuma miaka elfu nyingi.

Mwaka 2003, Scott Watkins, Lynn Jorde na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu 710 kutoka jamii 31 za Afrika, Asia ya Mashariki, Ulaya na India. Kati ya jamii za Afrika walikuwamo Wanande, Wahema, Waalur na Wambuti. Walichagua alama ya aina moja, iitwayo Alu: kipande kifupi cha yapata herufi 300 ambacho zamani kiliweza kujinakili na kujipachika mahali papya katika maandishi ya urithi. Kila mmoja wetu ana vipande hivyo zaidi ya milioni moja. Kipande kikishajipachika, ni nadra sana king'oke. Kwa hiyo Alu ni kama muhuri: mahali ulipo, mzee fulani aliugonga, mahali usipo, maandishi yangali katika hali yake ya awali. Wachunguzi walitazama mahali 100 palipo na muhuri kwa baadhi ya watu na pasipo nao kwa wengine.

Matokeo yao yanaeleweka vizuri na yeyote aliyewahi kupanda maharagwe. Fikirini gunia lenye mbegu za rangi nyingi: nyekundu, nyeupe, za njano, zenye madoa. Mtoto wa mkulima akichota konzi moja na kwenda kufungua shamba mbali, rangi chache hubaki nyuma. Mjukuu akichota konzi katika shamba hilo jipya na kwenda mbali zaidi, rangi hupungua tena. Atakayefika baadaye na kukagua mashamba yote atajua gunia la kwanza lilikuwa wapi, na atakadiria konzi zilikuwa kubwa au ndogo. Ndivyo walivyokuta Watkins na wenzake: tofauti za vinasaba zilikuwa nyingi kuliko kote miongoni mwa Waafrika, na chache kuliko kote miongoni mwa Wazungu. Mzizi wa mti wa jamaa zote ulikuwa karibu zaidi na jamii za Afrika. Gunia la kwanza lilikuwa katika bara letu, na waliotoka kwenda kuujaza ulimwengu walikuwa konzi tu.

Uchunguzi huo ulitoa hesabu nyingine, ambayo ningependa kila kikundi cha vijana kiikumbuke. Ukichukua tofauti zote za vinasaba zilizoonekana kwa watu wale wa jamii 31, sehemu 9 tu katika 100 ndizo zinazotenganisha jamii na jamii. Sehemu 91 zimo ndani ya jamii zenyewe, kati ya mtu na jirani yake wa kijiji kimoja.

Urithi wa baba na urithi wa mama

Ziko sehemu mbili za urithi zinazofuata njia nyembamba. Kromosomu ya Y hupita kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume peke yake. Vinasaba vya mitokondria, viungo vidogo vinavyoipatia chembe nguvu, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, lakini ni mabinti tu wanaoviendeleza. Kwa hiyo mchunguzi aweza kufuata safari ya akina baba mbali na safari ya akina mama.

Mwaka 2005 Elizabeth Wood na wenzake walichapisha ulinganisho wa namna hiyo kwa Afrika. Walisoma kromosomu ya Y ya watu 1,122 kutoka jamii 40, wakazilinganisha na vinasaba vya mitokondria vilivyokwisha kuchapishwa vya watu 1,918. Upande wa baba, vinasaba vilifuatana sana na lugha: wenye kusema lugha za jamaa moja walikuwa na baba wa jamaa moja. Upande wa mama, uhusiano huo ulikuwa hafifu. Wachunguzi waliona kwamba katika miaka 4,000 iliyopita, wakulima wenye lugha za Kibantu walipokuwa wakienea, walichanganyika na wawindaji waliowakuta, na kwamba mchanganyiko huo haukuwa sawa kwa wanaume na kwa wanawake.

Tafsiri yake katika maisha ya nyumbani si ngumu kuiona. Mkulima alioa binti wa watu wa msitu. Mama huyo akahamia kwa mume, akajifunza lugha ya mume, akazaa watoto walioitwa kwa jina la ukoo wa mume. Baada ya vizazi viwili au vitatu hakuna aliyeutaja tena ukoo wake. Lakini kila mjukuu aliyetoka kwa mabinti zake anaubeba hadi leo mwilini mwake.

Tufanye hesabu sisi wenyewe. Una wazazi wawili, babu na bibi wanne, na katika kizazi cha tatu watu wanane. Ukifika kizazi cha kumi, yapata miaka 250 hadi 300 iliyopita, mti wako una nafasi 1,024 za wazee. Jina la ukoo unalolitaja kwa fahari limefuata mstari wa baba peke yake: katika nafasi zile 1,024 linaikumbuka moja tu. Waliobaki, 1,023, walikuwa akina nani? Nusu ya nafasi zote ni za akina mama, na akina mama ndio waliovuka mipaka ya koo kwa ndoa, kwa njaa, na wakati mwingine kwa kutekwa vitani. Anayesema "sisi ni damu safi" anasimulia historia ya mtu mmoja na kuwanyamazisha wengine wote, wakiwamo waliomnyonyesha babu yake.

Wambuti, jamaa wa kale

Hakuna watu wa nchi yetu waliochunguzwa zaidi ya Wambuti wa Ituri. Chembe zao zimehifadhiwa Paris katika mkusanyiko wa kimataifa uliotangazwa mwaka 2002, na wanasayansi wa ulimwengu mzima huzitumia. Mwaka 2009 Etienne Patin na wenzake walikadiria kwamba wazee wa wawindaji wa msitu na wazee wa wakulima wa leo walianza kutengana yapata miaka 60,000 iliyopita. Walikadiria pia kwamba wazee wa watu wa msitu wa mashariki, kama Wambuti, na wale wa magharibi, kama Wabaka wa Kameruni na Gaboni, walitengana yapata miaka 20,000 iliyopita. Huo ulikuwa wakati wa baridi na ukame duniani, misitu ilipopungua na kukatikakatika.

Mwaka 2023 kikundi cha Cesar Fortes-Lima kilichapisha uchunguzi mpana zaidi juu ya kuenea kwa wasemaji wa lugha za Kibantu: watu 1,763 kutoka jamii 147 katika nchi 14 za Afrika. Kadiri jamii ilivyo mbali na Afrika Magharibi, walikotoka wasemaji wa kwanza, ndivyo tofauti za vinasaba zinavyopungua, kama maharagwe yale ya konzi. Na karibu kila walikopita, walichanganyika na waliowakuta. Uchunguzi huo unaitaja Kongo yetu, pamoja na Zambia, kuwa njia panda ya makutano hayo.

Tazameni sasa kinyume kilichopo. Watu ambao sayansi inaonyesha kuwa na mizizi mirefu kuliko wote katika msitu huu ndio ambao mara nyingi hudharauliwa, hufukuzwa msituni na kulipwa ujira duni mashambani. Ilichukua hadi tarehe 15 Julai 2022 kwa taifa letu kutangaza sheria ya kulinda haki za watu wa asili wa msitu. Kama kutangulia kungekuwa ndiko kunakompa mtu heshima, tungesimama Wambuti wanapopita. Hatufanyi hivyo. Hiyo yatosha kuonyesha kwamba wanaopiga kelele za "uenyeji" hawatafuti kujua nani alitangulia. Wanatafuta sababu ya kumtoa mtu fulani leo.

Yale ambayo damu haiwezi kusema

Kwanza, damu haitaji kabila. Mchunguzi huuliza kabila kwa mdomo, huandika jibu, kisha hupima. Watu 710 wakigawanywa kwa jamii 31, kila jamii iliwakilishwa na watu 23 hivi kwa wastani. Idadi hiyo yatosha kuona safari za miaka elfu nyingi. Haitoshi kuchora mpaka kati ya kijiji na kijiji. Jina Myira, Mkonzo, Mtalinga au Mhema ni zao la lugha, ndoa, utawala na kumbukumbu. Halimo katika herufi zile nne.

Pili, damu haigawi ardhi. Inaweza kueleza kwamba wazee wa watu fulani walichanganyika na wengine zamani. Haiwezi kueleza nani alime bonde lipi mwaka huu. Hilo ni jambo la sheria, la mapatano na la haki, na hakuna maabara itakayotuondolea kazi hiyo.

Tatu, kuulizia asili kunaweza kuponya au kuua, kutegemea anayeuliza. Mapema mwaka 2021 Ebola ilipojitokeza tena katika eneo la Butembo, vinasaba vya kirusi vilionyesha uhusiano na mlipuko wa 2018 hadi 2020, ambao ulikuwa umeua watu 2,287. Kwa mganga, habari hiyo ilikuwa msaada: ilifundisha kwamba waliopona wahudumiwe na kufuatiliwa kwa muda mrefu. Kwa mwenye chuki, habari ileile ingeweza kuwa sababu ya kumnyoshea kidole kila aliyepona. Majirani zetu wa Rwanda wanajua vema zaidi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwaandikia watu kabila katika vitambulisho, katika nyakati ambazo wataalamu wake walipima hata pua na vimo. Mwaka 1994 vitambulisho vya namna hiyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na mstari mmoja wa maandishi ukaamua nani aishi na nani afe.

Basi tukirudi kwa yule anayesema damu ipimwe, tumjibu kwa upole: imekwisha kupimwa. Imetukuta jamaa, tuliochanganyika, watoto wa mama ambao hatukujifunza majina yao. Haikumkuta mgeni wa kufukuzwa, wala haikumtaja muuaji. Muuaji hujulikana kwa matendo yake, na hutafutwa kwa ushahidi mbele ya mahakama.

Hata Injili ya Matayo, inapofungua ukoo wa Bwana kwa orodha ndefu ya akina baba, haiwaachi nje Tamari, Rahabu na Ruti Mmoabu. Mwinjili alijua kwamba wasomaji wake wangependa ukoo wa baba peke yao, naye akawaandika mama waliotoka nje. Wengi wetu tunaye Ruti katika ukoo wetu. Siku utakapoulizwa tena "U mtoto wa nani?", mtaje baba yako kwa heshima kama desturi ilivyo, kisha ongeza jina la mama yake mama yako, na mahali alikotoka, kama unalijua.

Maswali ya kutafakari katika vikundi

1. Kila mmoja ajaribu kutaja wazee wake wa upande wa mama hadi kizazi cha nne. Tunakwama wapi, na kwa nini tunakwama hapo?

2. Katika mtaa au parokia yetu, ni nani wanaoitwa "wageni" ingawa wamezaliwa hapa? Neno hilo linawanyima nini?

3. Wambuti wanapokuja sokoni, hospitalini au kanisani kwetu, wanapokelewaje? Kikundi chetu kinaweza kubadili jambo gani moja kabla ya mwaka kwisha?

4. Uvumi ukienea kwamba mtu fulani ni adui kwa sababu ya uso au lafudhi yake, kijana mmoja anaweza kufanya nini katika saa ya kwanza?